Huo mfano wako, uliujaribu lini mara ya mwisho?

Wasee, leo sina vichekesho. Kuna mama pale Dunga alipoteza ngege wanane kwa sababu ya mistari minne ya msimbo, na mistari hiyo sikuitunga mimi. Niliikopi kutoka ukurasa wa maelezo wa kampuni ambayo kazi yake yote ni kuwaonyesha watu wa kompyuta jinsi ya kupokea malipo. Jina silitaji. Na msianze kubahatisha kwenye komenti, kwa sababu nimeona kosa hilo hilo kwenye kurasa za watu wengi, hadi kwangu. Tutafika huko.

Kabla mtu aniulize: najua mtaani tunasema kodi. Lakini nikiandika "kodi" hapa nusu yenu mtafikiria KRA na mtakasirika kwa sababu tofauti kabisa. Leo tuseme msimbo.

Sasa, huyu mama anakaanga samaki karibu na ufuo. Wateja wake wengi wako mjini, maofisini kando ya Oginga Odinga Street na kule Milimani. Walikuwa wanampigia simu asubuhi, anaandika oda kwa kalamu kwenye kipande cha katoni, saa sita boda anabeba. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, mama, ngoja nikutengenezee kitu. Ukurasa mdogo tu. Mteja anachagua ngege au mbuta, anaweka namba yake, simu yake inaletewa ombi la PIN ya M-Pesa, akilipa simu ya mama inaonyesha IMELIPWA kwa kijani, boda anaondoka. Nilichukua wiki mbili. Nilijiona bingwa.

Siku ya tatu ikaingia oda ya ngege wanane. Kijani. Boda akaenda. Jioni mama anahesabu meseji zake za M-Pesa, anarudia, anarudia tena. Shilingi 4,000 hazipo. Akanipigia: "Wuoda, hii simu yako inasema uongo."

Na ilikuwa inasema uongo kweli. Ukimwomba mteja pesa kwa njia hii kuna majibu mawili, na hayaji pamoja. La kwanza linakuja papo hapo: ombi lako limepokelewa, meseji ya PIN inaelekea kwa simu ya mteja. Basi. Hakuna pesa imesonga. La pili linakuja baadaye, mteja akishaweka PIN, au akikataa, au akiwa hana salio, au akiiacha simu mezani mpaka ombi life. Ule mfano niliokopi ulikuwa unachukua jibu la kwanza, halafu mstari unaofuata unaandika "Malipo yamefaulu." Ni kama makanga aseme nauli imeingia kwa sababu abiria ameketi. Mteja wetu alibonyeza kukataa. Pengine alisahau PIN, pengine alijua anachofanya. Samaki walishakuwa wamepita Nyalenda.

Nililipa hizo 4,000 mara mbili mbili, elfu mbili leo, elfu mbili wiki mbili baadaye. Kilichoniuma zaidi ni kitu kingine. Mimi ndiye niliyemwambia mama aache kuangalia meseji za M-Pesa kwanza. "Hiyo ni ya zamani," nilimwambia. Alikuwa na njia yake iliyofanya kazi, mimi nikaiondoa nikaweka mfano wa mtu ambaye hakuwahi kuuendesha mpaka mwisho.

Nilipolia kuhusu hii stori kwa wasee wanaojua mambo ya kompyuta, jibu likawa moja: ungesoma vizuri. Na ni kweli, nilirudi nikasoma. Chini kabisa ya ukurasa ule, baada ya kuteremka mpaka kidole kichoke, kulikuwa na aya inayosema usihesabu malipo mpaka jibu la pili lifike. Kwa hivyo aya ilikuwa inasema hivi na mfano ulikuwa unasema vile, kwenye ukurasa mmoja, na wote wawili walikuwa wamekaa hapo kwa amani kama majirani wasioongea.

Hebu tuwe wakweli. Nani anasoma aya? Wewe unasoma aya? Mtu akifungua maelezo ya programu anatafuta lile sanduku la kijivu lenye msimbo. Anakopi, anapesti, anaona kama inafanya kazi, ndiyo arudi kusoma kama kuna shida. Waandishi wa hizo kurasa wanajua hivyo, ndiyo maana wameweka kitufe cha kukopi kwenye kona. Huwezi kuniwekea kitufe cha kukopi halafu useme hukutarajia nikopi. Mfano ndio maelezo yenyewe, aya ni mapambo. Lakini angalia kinachofanyika: aya inapitiwa na mhariri, inapitiwa na mwanasheria, inapitiwa na mtu wa masoko. Mfano unapitiwa na nani? Uliandikwa Ijumaa moja na jamaa ambaye alishahama kampuni.

Halafu kuna mifano ambayo ilikuwa sahihi ikaoza. Hii inawahusu moja kwa moja, kwa hivyo shikeni simu zenu. Wangapi hapa laini zenu zinaanza na 01? Wengi, kwa sababu mlichukua kitambulisho juzi na laini mkanunua juzi. Miaka yote kila mtu Kenya alijua namba ya simu ni 07. Kila mfano wa kukagua namba uliandikwa hivyo: kama haianzi na 07 au 2547, ikatae. Sawa, wakati huo ilikuwa kweli. Mwaka 2019 namba za 01 zikafunguliwa. Safaricom wakaanza na 0110 na 0111, Airtel wakaingia na 0100. Nchi ikabadilika. Mifano ikabaki pale pale.

Ndiyo maana mpaka leo unajaza fomu mahali, unaweka namba yako mwenyewe ya simu iliyo mkononi mwako, na inakuandikia kwa nyekundu "namba si sahihi." Unairudia. Unafikiri umekosea. Maze, si wewe. Kuna mtu alikopi mfano wa 2016, na aliyeuandika huo mfano hajaufungua tangu auweke. Rafiki yangu mmoja wa Manyatta alikosa kujiandikisha kwa mafunzo fulani kwa sababu fomu ilikataa 0110 yake na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Aliishia kutumia namba ya mamake. Meseji ya kumwita ikaenda kwa simu ya mamake, ambaye hasomi meseji.

Pale Dunga ukinunua samaki mbichi unafungua shavu uone kama bado ni jekundu. Hakuna muuzaji atakwambia "alikuwa freshi asubuhi" ukakubali. Mfano wa msimbo hauna shavu la kufungua. Uliooza na wa leo asubuhi wanafanana kabisa, rangi zile zile, sanduku lile lile la kijivu. Hauna hata tarehe.

Na sasa mambo yamekuwa mabaya zaidi, kwa sababu hizi roboti za kuandika msimbo zilijifunzia kwenye kurasa hizo hizo. Juzi niliiuliza moja inikagulie namba za Kenya. Ikanipa 07, kwa heshima sana, na maelezo marefu.

Nataka niseme kitu kuhusu chuo, halafu mtanitukana vizuri. Niliacha chuo baada ya mihula minne. Sababu kubwa ilikuwa pesa, sitaki kujifanya shujaa. Lakini katika hiyo mihula minne tulipewa madokezo ya Python yaliyochapishwa na kuchapishwa upya, ambapo amri ya print haina mabano. Hiyo ni Python 2. Python 3 ilitoka mwaka 2008 na mabano yakawa ya lazima. Python 2 yenyewe ilizikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Sisi tulikuwa tunasoma maiti. Juu ya hayo, madokezo yalikuwa yameandikwa kwa ile programu ya kuandikia barua, kwa hivyo alama zote za kunukuu zilikuwa zimepindwa kwa urembo. Kompyuta haizitambui hizo. Ukikopi kutoka kwa faili unapata maandishi mekundu, na kwa macho yako msimbo wako na wa mwalimu ni pacha.

Kulikuwa na dada mmoja darasani kwetu, mkali wa hesabu kuliko sisi wote. Alikesha na hayo madokezo hosteli usiku mzima, mstari kwa mstari, akifuta na kuandika tena. Asubuhi akaniambia, "Mimi nadhani hii kitu haikuumbwa kwa watu kama mimi." Muhula uliofuata alikuwa amehamia kozi nyingine. Hakuna mtu alimwambia kwamba karatasi ndiyo ilikuwa mbovu. Hata mimi sikujua, nilijua miaka miwili baadaye. Huyo ndiye ninayemfikiria kila mtu anaposema mfano uliovunjika ni kitu kidogo. Mtu mwenye uzoefu akikutana na mfano mbovu anacheka na kurekebisha. Anayeanza anahitimisha kwamba ni mjinga, na hata hakuandikii ujue, anaenda tu kimya kimya.

Kinachonichoma ni kwamba dawa ya huu ugonjwa ni ya zamani kuliko wengi wenu. Ndani ya Python kuna kitu kinaitwa doctest. Kiliandikwa na jamaa anaitwa Tim Peters, kikaingia rasmi kwenye Python 2.1 mwaka 2001. Hununui, hupakui, kipo tayari. Kazi yake ni hii: unaandika mfano ndani ya maelezo yako kama vile ulivyouendesha, na chini yake jibu unalotarajia.

>>> safisha("0700 000 000")
'254700000000'
>>> safisha("0110 000 000")
'254110000000'

Hapo nimeeleza kwa binadamu jinsi ya kutumia safisha, ambayo kazi yake ni kupanga namba ya simu. Lakini mashine nayo inasoma ukurasa huo huo. Inachukua kila mstari wenye zile alama tatu, inauendesha, inalinganisha na jibu ulilodai. Likitofautiana hata kwa herufi moja inakwambia wazi: ulisema hiki, mimi nimepata kile. Amri ni moja. Unaweza kuipanga iendeshwe kila mtu anapogusa msimbo. GitHub wanakuendeshea bure kama mradi wako uko wazi kwa umma, kwa hivyo usiniambie habari ya seva.

Rust wameenda mbali zaidi. Ukiandika mfano kwenye maelezo, siku ukijaribu programu yako kwa cargo test mifano nayo inaendeshwa bila wewe kuomba. Go wana njia yao: mfano unaandikwa kama sehemu halisi ya programu, jibu linalotarajiwa linakaa chini yake, usipolingana jaribio linaanguka. Elixir pia wanayo yao. Hakuna uchawi hapa. Ni watu tu walioamua kwamba kilicho kwenye maelezo ni ahadi.

Sasa nisiwadanganye. Mashine haijui Kenya. Kama mfano wako una namba za 07 peke yake, doctest itakupa kijani leo, kesho, mpaka milele, na mwenye 0110 ataendelea kuteseka. Lazima kuwe na mtu mmoja kwenye hiyo ofisi mwenye laini ya 01 aseme, "Na yangu je?" Ndiyo maana ukiwa na timu ya watu walionunua laini zao mwaka mmoja, wote wakae mtaa mmoja, mtaandika mifano ya mtaa huo.

Na malipo? Huwezi kutoa pesa za kweli kila mara unapojaribu, hiyo naelewa. Lakini majibu unaweza kuyahifadhi. Weka jibu moja la aliyelipa, moja la aliyekataa, moja la asiye na salio. Kila siku mfano wako uendeshwe mbele ya hayo matatu. Kama ukurasa ule ungekuwa na hilo jibu la aliyekataa, ile mistari minne ingelipuka kwenye ofisi yao yenye kiyoyozi badala ya kulipukia Dunga.

Najua mnachotaka kuniambia. "Mfano ni wa kuonyesha tu, ukiweka kila kitu unakuwa mrefu, mtu anachoka." Hoja hii ina uzito na siipuuzi, mfano mfupi ni mtamu. Lakini ufupi na uongo ni vitu viwili. Badala ya "Malipo yamefaulu" wangeandika "Ombi limetumwa." Hesabu maneno. Ni mawili kwa mawili.

Wale wengine ni wazee wa "pambana, ndiyo utajifunza." Buda, kupambana na tatizo ndiyo kunafundisha. Kupambana na uzembe wako kunamaliza bando langu. Wewe uko na waifai ya ofisi. Mimi nilijifunza kwa bando la saa moja, na stima ikipotea laptopu yangu inakufa palepale kwa sababu betri ilishazeeka. Saa moja ya kutafuta kosa ambalo liko kwenye ukurasa wako ni pesa yangu umechukua, na hukunipa risiti.

Kuna pia "hatuna muda." Mlikuwa na muda wa kubadilisha rangi ya nembo.

Basi, kwangu. Baada ya ile simu ya mama nilikaa chini nikarudia video zangu zote zenye msimbo. Ziko kumi na nne. Nikafungua kila moja, nikaandika kinachoonekana kwenye skrini, nikaendesha. Tano hazikufanya kazi. Moja ilikuwa na komenti kibao za "bro haifanyi," na majibu yangu chini yake, niliyaandika mimi na mkono wangu: "angalia vizuri ulichoandika." Walikuwa wameandika vizuri. Ile maktaba niliyotumia ilibadilisha jina la amri miezi michache baada ya video, na sikuwahi kurudi. Niliwaambia watu ninaowaomba wanifuate kwamba wao ndio tatizo. Nimewajibu mmoja mmoja wiki hii. Wengine hawajajibu na sishangai.

Kwa hivyo tangu sasa, msimbo wa kila video unakaa mahali pa wazi, unaendeshwa wenyewe kila Jumapili usiku, na chini ya video kuna tarehe ya mara ya mwisho ulipopita. Ukianguka, video inashuka mpaka niirekebishe. Ikinigharimu watazamaji, inigharimu. Na mimi mmoja wa hapa Kisumu nisiye na cheti nikiweza kufanya hivyo kwa laptopu iliyopasuka skrini, kampuni yenye jengo lenye lifti isiniambie ni ngumu. Weka tarehe kwenye mfano wako. Andika "mara ya mwisho kuendeshwa" na siku. Kama unaona aibu kuiandika hiyo siku, ushajua kwa nini.

Ukurasa wa mama nimeurekebisha. Sasa kijani kinangoja jibu la pili, na nimeujaribu kwa kukataa malipo mwenyewe mara ishirini na kitu mpaka simu yangu ikaanza kuniona mjinga. Nilienda Dunga kumwonyesha. Alitazama, akatikisa kichwa, akanisukumia sahani ya ngege. Halafu oda ikaingia, kijani kikawaka, na boda akaanza kuwasha pikipiki. Mama akainua mkono kumzuia. Akatoa simu yake kutoka kwenye leso, akafungua meseji za M-Pesa, akasoma polepole, akaandika kitu kwenye katoni.

"Sasa nenda," akamwambia.